Barua ya wazi kwa maafisa TEHAMA: Msituambie tena kwamba mtandao unasumbua

Mkata, Handeni,
Mkoa wa Tanga.

Kwa maafisa TEHAMA na wasimamizi wa mifumo ya umma mtandaoni.

Yah: Makosa ya 502, 504 na mengine ya aina hiyo, na wananchi wanaorudishwa nyumbani kwa jibu la "jaribu baadaye"

Ndugu zangu,

Ninawaandikia kutoka Mkata, kwenye barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera, pale njia ya Handeni mjini inapochepukia. Hapa nina duka la steshenari. Zamani duka la namna hii liliishi kwa fotokopi na madaftari; leo kinacholeta watu ni fomu za mtandaoni. Anakuja mhitimu wa kidato cha sita anayeomba mkopo wa elimu ya juu. Anakuja kijana anayetafuta kazi kupitia Ajira Portal, vyeti vyake vimo kwenye bahasha ya kaki. Anakuja mfanyabiashara wa leseni kupitia TAUSI, fundi aliyejisajili NeST, mfumo wa zabuni za Serikali, akitarajia kazi ndogo za ujenzi, na viongozi wa vikundi vya akina mama wanaofuatilia ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Wanatoka Mazingara, Kitumbi, Kwamsisi, Kabuku, na wapo wanaoshuka basi wakitokea Hale, upande wa Korogwe.

Niseme mapema kwamba siupingi mfumo wa mtandaoni. Ninakumbuka bahasha za maombi zilivyokuwa zikipelekwa Dar es Salaam kwa mkono wa dereva wa basi, bila stakabadhi na bila uhakika. Tangu malipo ya Serikali yaanze kupita kwenye mfumo wa GePG mwaka 2017, mwananchi analipia huduma kwa kontroli namba akiwa amekaa kwenye benchi la dukani kwangu, na hela yake inajulikana ilikokwenda. Hayo ni maendeleo ya kweli. Ninawaandikia kwa sababu ninataka yakamilike.

Tena ninaandika kama mwenzenu wa fani. Kabla sijarudi nyumbani nilisimamia seva za kampuni binafsi, kwa hiyo logi na mipangilio ninayoitaja hapa nimeishi nayo. Mifumo niliyoitaja kwa majina nimeitaja kueleza wanaokuja dukani. Visa nitakavyosimulia sitavipachika jina la taasisi yoyote, maana ugonjwa wenyewe nimeuona katika mifumo mingi, ya umma na ya binafsi, na dawa yake ni moja kokote.

Hali huwa hivi. Mtu amejaza fomu, ameambatisha vyeti, anabofya "Wasilisha". Ukurasa unazunguka, halafu unatokea mweupe, juu yake maneno ya Kiingereza: "502 Bad Gateway", na chini ya mstari neno "nginx". Fomu imepotea. Ninapiga namba ya huduma kwa wateja iliyoandikwa kwenye tovuti. Ikipokelewa, jibu ni lile lile: "Mtandao unasumbua, jaribu baadaye."

Jibu hilo si kweli, na ukurasa ule mweupe wenyewe unalikanusha.

Kwa wasomaji ambao si watu wa seva, nieleze kwa ufupi. Kivinjari cha mwananchi hakizungumzi moja kwa moja na programu inayoshughulikia maombi. Mbele ya programu hiyo pamewekwa seva ya mlangoni, ambayo wenye fani huiita rivasi proksi. Kazi yake inafanana na ya masijala ya halmashauri: barua zote hupokelewa hapo, hupelekwa kwa afisa anayehusika, na majibu hutoka kwa mlango huo huo. Aliyeandika barua hamwoni afisa. Programu inayotumika sana kwa kazi hii ni nginx, iliyoandikwa na Mrusi Igor Sysoev na kutolewa kwa umma mwaka 2004. Zipo pia HAProxy na Apache. Seva hii ya mlangoni hubeba usimbaji wa mawasiliano, hugawa maombi kwenye seva kadhaa na huficha mitambo ya ndani isionekane na wadukuzi. Ni utaratibu mzuri.

Basi namba 502 ni kauli ya masijala. Inasema: barua yako nimeipokea, nimeipeleka ndani, ndani sikupata jibu linaloeleweka. Ili maneno hayo yaandikwe kwenye skrini ya Mkata, simu lazima iwe inafanya kazi, bando liwepo, mnara uwe hewani, nyaya zote hadi mlangoni kwenu ziwe nzima. Yote hayo yamekwisha kujithibitisha. Kilichoharibika kiko nyuma ya mlango wenu, mahali ambapo nyinyi peke yenu mna funguo.

Linganisheni na Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Siku ile kurasa nyingi hazikufunguka kabisa. Kivinjari chenyewe ndicho kilichosema kimeshindwa kuifikia seva, na hapakuwa na namba ya 502, kwa sababu hapakuwa na seva iliyopokea chochote ikaweza kujibu. Siku ile aliyesema mtandao unasumbua alisema kweli. Matukio haya mawili yanatofautishwa kwa kutazama skrini tu, na ninawaomba mumfundishe kila anayepokea simu zenu kuuliza swali moja: "Umeona namba gani?"

Tofauti hii ina bei, na anayeilipa ni mwananchi. Mama wa Mazingara akiambiwa mtandao ndio mbovu, ananunua bando la kampuni nyingine. Likishindwa, anapanda bodaboda kwenda Handeni mjini akiamini huko mtandao una nguvu zaidi. Likishindwa huko pia, anakesha, kwa sababu ameambiwa usiku mtandao ni mwepesi. Kote huko anafukuza kosa ambalo haliko kwenye njia anayopita. Angeambiwa, "Programu yetu imesimama, tunaishughulikia, rudi kesho asubuhi," angekwenda shambani kwake.

Sasa nizungumze nanyi kama mafundi.

Jambo la kwanza mnalolifanya 502 au 504 inapotokea ni kuzima na kuwasha upya. Ukurasa unarudi, kila mtu anafurahi, na baada ya siku chache linatokea tena. Kabla ya kugusa chochote, fungueni logi ya makosa ya seva ya mlangoni. Pale pana sababu imeandikwa. Mkikuta namba 111, "Connection refused", hakuna programu inayosikiliza kwenye lango lile: imekufa, au imehamishiwa lango jingine, au haijawaka baada ya umeme kukatika. Mkikuta 110, "timed out", programu ipo hai ila imezidiwa, au ukuta wa usalama unameza maombi kimya kimya. Haya ni magonjwa mawili yenye tiba tofauti kabisa, na kuwasha upya kunafuta dalili za yote mawili.

Kisha pimeni kutoka ndani kwenda nje. Mkiwa kwenye seva yenyewe, iulizeni programu moja kwa moja kwa curl kwenye 127.0.0.1, mkiipita masijala. Ikijibu, ulizeni tena kupitia seva ya mlangoni. Ikijibu, ulizeni kutoka nje, tena kwa laini ya simu ya kawaida, si kwa faiba ya ofisini. Pale jibu linapokatika ndipo penye kosa. Kazi hiyo haimalizi dakika tano.

Kuna 502 moja yenye hila ambayo ningependa muijue, kwa sababu imewagonganisha sana wananchi na watoa huduma. Inawapata watu wachache, wengine wote wanapita salama. Kwenye logi imeandikwa "upstream sent too big header". Programu imerundika taarifa nyingi kwenye kuki za mtumiaji, na vichwa vya jibu lake vimezidi nafasi ambayo nginx huvitengea, ambayo kwa kawaida ni KB 4 au 8. Afisa anajaribu kwa akaunti yake mpya isiyo na mambo mengi, inafunguka, anamwambia mteja wangu kwamba hakuna mwingine aliyelalamika. Mteja anaondoka akiamini simu yake ndiyo mbovu.

Ipo pia ile inayotokea baada ya kuhamisha seva ya ndani. Ikiwa nginx ilipewa jina la seva hiyo badala ya namba, katika mpangilio wa kawaida huitafuta anwani ya jina hilo inapoanza kazi tu. Anwani ikibadilika baadaye, inaendelea kupeleka maombi kule kwa zamani. Ndiyo maana kuwasha upya kunaonekana kuponya, na ndiyo maana fundi hajui alichoponya.

Nimefika kwenye 504, na hapa naomba msome polepole, maana ndipo watu wanapopoteza fedha.

504 inasema masijala imesubiri jibu hadi muda ukaisha. Kwa nginx isiyobadilishwa muda huo ni sekunde 60 bila ndani kusema lolote. Masijala inakata tamaa na kumwambia mwananchi ombi limeshindikana. Lakini afisa aliyeko ndani mara nyingi hajui kwamba kule mlangoni wamechoka kusubiri. Anaendelea na kazi: ombi linaingizwa kwenye hifadhidata, ada inakokotolewa, kontroli namba inaombwa na kutolewa. Kila kitu kimekamilika, isipokuwa habari yake haikumfikia mwenyewe.

Mwananchi anafanya nini? Anabofya tena. Sasa ana maombi mawili na kontroli namba mbili, kila moja ina tarakimu 12, na ujumbe wa simu wa zote mbili umeingia. Analipia moja. Nimekaa na kijana wa Kitumbi aliyelipia ile ya kwanza, wakati mfumo ulikuwa unaitazama ya pili. Ukurasa wake ukawa unasema hajalipa. Tuliandika barua pepe, tukatuma picha ya ujumbe wa malipo, na jibu lilipokuja dirisha la maombi lilikuwa limefungwa. Fedha ile aliipata kwa kuuza mahindi ya nyumbani kabla bei haijapanda. Hakukosea popote: alijaza, akalipa, ndani ya muda.

Wengi wenu mkikutana na 504 mnaongeza muda, kutoka sekunde 60 hadi 300. Ninawasihi mwache. Dakika tano ni muda mrefu sana kwa simu iliyo kijijini: skrini inazimika, mnara unabadilika, mtu anafikiri imekwama anafunga ukurasa. Logi yenu hapo itaandika 499, namba ambayo nginx iliibuni yenyewe kwa maana kwamba mteja ameondoka kabla ya kujibiwa. Nimewasikia mafundi wakizitupa 499 kapuni wakisema ni makosa ya watumiaji. Tazameni kwanza sekunde zilizotumika. Mteja aliyeondoka baada ya sekunde mbili huenda alibadili nia. Aliyeondoka baada ya sekunde 45 amefukuzwa na uzito wa programu yenu.

Tiba ya 504 iko ndani, haiko mlangoni. Pokeeni ombi, liandikeni, mmpe mtu namba ya kumbukumbu papo hapo, kazi nzito ifanyike nyuma ya pazia huku ukurasa ukiuliza kila baada ya muda kama imekamilika. Kila fomu ibebe alama yake ya pekee tangu inapofunguliwa, ili mtu akibofya "Wasilisha" mara mbili, mfumo utambue ni ombi lile lile na urudishe kontroli namba ile ile. Halafu litafuteni swali la hifadhidata linalochukua dakika nzima. Mara nyingi ni jedwali lililokuwa na mistari elfu kadhaa wakati wa majaribio, sasa lina mamilioni, na hakuna aliyeliwekea faharasa.

Kuhusu viambatisho: nginx isipobadilishwa hukataa ombi lolote linalozidi MB 1, kwa namba 413. Fomu inasema kila cheti kisizidi MB 2. Aliyeandika fomu na aliyesimika seva ya mlangoni hawakukaa meza moja. Hata ukomo ukipandishwa hadi MB 2, bado haitoshi, kwa sababu nginx hupima ombi zima kwa pamoja. Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, barua ya serikali ya kijiji na picha, kila kimoja KB 700, jumla ni MB 3.5. Kila kimoja kimetimiza sharti, vyote kwa pamoja vinakataliwa. Tena mara nyingi seva hukata mawasiliano kabla mafaili hayajamaliza kupanda, na kivinjari kinaonyesha tu kwamba muunganisho umevunjika. Mtu yeyote angedhani ni mtandao. Kwa hiyo hapa dukani tunapunguza ukubwa wa cheti, tunapunguza tena, hadi mhuri unafifia. Wiki chache baadaye ombi linarudi na maelezo kwamba cheti hakisomeki.

Suala la anwani za IP linatuumiza sisi wa vijijini kuliko watu wa ofisi za mjini. Kampuni za simu hazimpi kila mteja anwani yake ya nje. Wateja wengi hutoka kwa anwani moja. Mkiweka kwenye seva ya mlangoni sheria kwamba anwani moja isitume maombi zaidi ya kadhaa kwa dakika, mmeweka ukomo kwa kundi zima la wateja wasiojuana. Na nginx inapomzuia mtu kwa sheria hiyo, kwa kawaida humjibu 503, namba inayosomeka kama huduma imesimama, wakati huduma ipo na wengine wanaitumia. Wekeni 429, yenye maana ya kwamba maombi yamezidi, ili angalau tujue tunasubiri nini. Bora zaidi, hesabuni kwa akaunti badala ya anwani.

Upande wa pili wa suala hilo ni programu iliyo nyuma ya proksi isiyofundishwa kusoma kichwa cha X-Forwarded-For. Hiyo inaona watumiaji wote wa nchi wakitoka kwenye anwani moja, ambayo ni ya seva yenu wenyewe. Wachache wakikosea nywila, inafungia kila mtu. Ila msikiamini kichwa hicho kikiletwa na yeyote, maana mtu wa nje anaweza kukiandika atakavyo. Kiaminiwe kinapotoka kwenye seva yenu ya mlangoni tu. Utaratibu rasmi wa kazi hii, kwa kichwa kiitwacho Forwarded, umekwisha kuandikwa katika RFC 7239 ya mwaka 2014.

Mengine ni madogo, na kila moja lina tiba ya mstari mmoja. Kiungo cha kubadilisha nywila kinachoingia kwenye barua pepe ya mteja kikiwa na anwani ya "localhost" hakiwezi kufunguka popote duniani isipokuwa ndani ya seva yenu: programu haijapewa jina la nje la tovuti, kwa sababu nginx isipoelekezwa hupeleka jina la seva ya ndani. Ukurasa unaojizungusha hadi kivinjari kinakataa, mara nyingi ni programu isiyojua kwamba mteja alikwisha kuingia kwa https mlangoni, basi inamrudisha akaingie upya, naye anarudi tena na tena. Ipeni programu hiyo X-Forwarded-Proto. Na cheti cha usalama cha tovuti kisiachwe kikaisha muda. Hili la mwisho ni dogo kwa kazi na kubwa kwa madhara. Kivinjari kinapoonya kwamba ukurasa si salama, na mtoa huduma anamwambia mwananchi kwenye simu "bofya endelea tu", taasisi ya umma imemfundisha mwananchi kupuuza onyo lile lile litakalomwokoa siku atakapotumiwa tovuti ya matapeli.

Niongeze neno juu ya logi, kwa kuwa nimewahimiza mzisome. Nimeona fomu ambazo namba ya NIDA, zile tarakimu 20, inapita kwenye anwani ya ukurasa. Chochote kilicho kwenye anwani huandikwa na seva ya mlangoni kwenye logi ya kila siku, na logi husomwa na mafundi, hunakiliwa, hutumwa kwa wakandarasi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ipitisheni namba hiyo ndani ya mwili wa ombi. Vivyo hivyo, kurasa za makosa zinazomwaga majina ya majedwali na njia za mafaili zizimwe leo. Fundi atazikuta taarifa hizo kwenye logi, mwananchi hazimsaidii, na mdukuzi ndiye anayezifurahia.

Kuna kikwazo kingine ambacho watu wa mjini hawakioni. Mteja wangu anasema kosa limetokea saa nne asubuhi. Kwenye fomu ya malalamiko ninaandika 10:00. Seva yenu, ikiwa imewekwa kwenye saa ya dunia, imeandika 07:00. Fundi anatafuta kwenye logi ya saa nne, haoni kitu, anafunga lalamiko. Dawa ipo na ni rahisi: nginx ina uwezo, tangu toleo la 1.11.0, wa kutoa namba ya pekee kwa kila ombi. Ipitisheni namba hiyo hadi kwenye programu, iandikwe kwenye logi zote mbili, na ionekane kwenye ukurasa wa kosa. Mteja atanisomea herufi nane za kwanza, nitawasomea kwenye simu, na mtalikuta ombi lake bila kuulizana saa.

Hapo ndipo lilipo ombi langu la kwanza kwenu. Uondoeni ukurasa mweupe wa Kiingereza. Wekeni wa Kiswahili, uhifadhiwe kwenye seva ya mlangoni yenyewe ili uonekane hata programu ikiwa imekufa. Useme: mtandao wako uko sawa, tatizo liko kwetu, usilipe tena wala usiwasilishe tena kabla ya kuangalia kama ombi lako limepokelewa, hii ndiyo namba ya tukio, huu ndio muda kwa saa za Afrika Mashariki. Kwa mtu anayejua kuhariri mpangilio wa nginx, hiyo ni kazi ya mchana mmoja, na haihitaji zabuni.

La pili, mfanye majaribio ya mifumo mahali kama Mkata kabla ya kufungua dirisha la maombi. Njooni na simu ya bei ya chini, laini ya kawaida na vyeti vilivyoskaniwa kwenye duka kama langu. Mkitaka duka langu, mlango uko wazi, na umeme wa kuchajia sitawadai.

La tatu liko juu ya meza za wakubwa wenu zaidi kuliko zenu, lakini nyinyi ndio wenye ushahidi, kwa hiyo nawaomba mlibebe. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliunda mamlaka ya kusimamia mifumo hii, na kwa hiyo pana mahali pa kulipeleka. Kila dirisha la maombi lina siku ya mwisho, na siku ya mwisho ndiyo siku watu wanapofurika na 502 na 504 zinapozidi. Logi zenu zinaonyesha, dakika kwa dakika, mlango ulipokuwa umefungwa kwa upande wenu. Zihesabuni saa hizo, mzitangaze hadharani, na muda wa maombi uongezwe kwa kiasi hicho hicho, kwa waombaji wote, bila mtu kulazimika kuandika barua ya kuomba huruma.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye duka la steshenari,
Mkata.